Shuka la Nondo

Saa kumi na moja alfajiri. Giza limekaa jikoni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nampakia Metro chakula cha lori: mkate mweusi,
soseji ya kitunguu saumu, tango la siki,
na kikaratasi ambacho hatakisoma mpaka saa sita:
Nunua maziwa. Nakupenda. Usisahau maziwa.

Ngano imeiva Saskatchewan nzima,
na mume wakati wa mavuno ni vumbi tu,
linaingia usiku wa manane, linaoga, linakoroma.

Kalyna anatafuta soksi ya pili.
Ostap hatafuti kitu. Amevaa moja, ameridhika.
Levko, kitinda mimba, anauliza kwa nini uji una macho.
Ni zabibu kavu, mwanangu.
Mbona zinanitazama?

Jumanne tunakutana ukumbini nyuma ya kanisa,
tunafinya vareniki: unga, viazi, jibini, kidole gumba.
Elfu moja na mia mbili, kabla watoto hawajatoka shule,
kulipia tanuri lililozimika Februari
likatuacha tukisali na glavu mikononi.
Bibi Paraska huhesabu kwa dazeni
na husengenya kwa dazeni.
Cha kwangu kikipasuka, hukila kimyakimya
ili kisiingie kwenye hesabu.

Lakini usiku ni wangu.
Nyuma ya banda la gari natundika shuka jeupe,
taa ya zambarau mbele yake,
nakaa juu ya ndoo niliyoipindua, daftari mapajani,
nawangoja nondo.
Si zile za chuma zinazoshika zege,
wala zile za maneno wanazotema wajuaji;
hawa wa unga na manyoya,
wanaobisha hodi kwenye mwanga na kuingia kabla ya karibu.
Aina mia mbili na kumi na nne, kwa miaka tisa.
Hakuna anayenilipa. Hakuna aliyeniuliza.
Metro huwaita wapangaji wako.
Kuna mmoja, mkubwa, wa rangi ya majivu,
amekificha kitambaa chekundu chini ya bawa
kama mwanamke mwenye gauni la sherehe ndani ya koti la kazi.
Huyo namngoja tangu Julai.

Alhamisi nyumba ya kina Villaflor iliungua.
Waya mbovu, walisema.
Watu wote salama. Rowena alisimama barabarani
amekumbatia jiko la umeme la wali,
na wali ndani yake bado wa moto.

Kufika saa tatu mji mzima ulikuwa umefungua makabati.
Mablanketi, viatu, sufuria zisizo na vifuniko,
vifuniko visivyo na sufuria.
Mtu akaleta piano. Hapakuwa na ukuta wa kuiegemeza.
Nami nikakunja mashuka: matatu ya waridi, moja la mistari.
Likabaki lile jeupe, la pamba nzito, la kitanda kikubwa,
lenye vumbi la mbawa kwenye pindo.

Kutoa ni moyo, wanasema.
Sawa. Ila mkono nao una maoni yake,
na wangu uliishikilia kona moja
muda mrefu kuliko adabu.
Nililifua mara mbili. Nikalipiga pasi,
jambo nisilowafanyia hata wanangu.
Rowena aliunusa mkunjo wake, akafumba macho,
nikaona haya kwa ajili ya ile kona.

Leo nimetundika shati la harusi la Metro,
lisilofunga vifungo tangu Levko azaliwe.
Mikono imening'inia wazi.
Wakaja wa kawaida, wa rangi ya shayiri,
wakatua kifuani, kwenye kola, mfukoni.
Mwenye kitambaa chekundu hakuja.

Saa saba lori likaingia.
Metro akasimama gizani, akalitazama shati lake
limejaa wageni.
"Angalau wao linawatosha," akasema,
akapindua ndoo ya pili, akaketi.

Maziwa alikuwa amesahau.